Msifagie Nyuma ya Nyumba

Nisogeleeni, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Kamikazi umetoka Louisville, Rugamba umetoka Columbus, mmeendesha magari mchana kutwa, nami najua mnalotaka kusikia. Nyumba hii ni ya Kirezi, aliyeniogesha na kunilisha. Hilo lisibishaniwe juu ya jeneza langu. Na wewe Rugamba, anza leo kumsalimu Kirezi dada yako, kwa kuwa mjusi huingia penye ufa.

Lakini si nyumba inayoninyima usingizi. Ni yale maua ya rangi ya chungwa kwenye uzio wa nyuma. Baba yenu Karekezi alipofika hapa East Side, katika mji huu wa Buffalo, bila hata ndama mmoja, aliyaacha yaote, akawa anakaa kutazama nyuki na vile vindege vinavyovuma hewani, akiniambia, “Mama Rugamba, usicheke. Hawa ndio ng'ombe wangu wa Buffalo.” Nilicheka. Ua hilo huishi mwaka mmoja tu. Likifa, shina halichipui tena. Hurudi kwa mbegu peke yake, mbegu inayoruka ganda likiguswa, ikalala chini ya theluji. Ukiitunza chupani, inakauka na kufa.

Mnakumbuka msiba wa baba yenu? Wamama wa kanisa walikuja kwa upendo kusafisha uwanja, kama desturi yetu ilivyo, wakakata kila kitu, wakafagia hadi udongo ukang'aa. Baridi ilipokwisha nilizunguka uzio nikitafuta, nikitafuta, nikakuta mche mmoja umejificha chini ya ubao. Haya yote ni uzao wake.

Sasa maganda hayajaiva vizuri, nami naondoka. Watu watakuja, na mikono mizuri itashika mafagio. Rugamba, ulisema kwenye simu kwamba hiki ni kichaka, ni aibu kwa wageni. Bon, aibu ni yangu. Waambie mama yenu alikuwa mchafu. Viti vipangeni mbele. Mashine ya nyasi ifungieni. Mashina yasimame mpaka theluji iyalaze yenyewe.

Kirezi, maji... kidogo. Inatosha.

Mungu aliyewatawanya, wanangu, awaangushe penye unyevu. Mwote. Mwote tena...

Sauti gani hiyo? Nani anafagia huko nyuma?

Rugamba, wewe. Nenda, baba. Wazuie.