Papa Hakorimana na Sala ya Magurudumu ya Nyuma

Papa Léonard Hakorimana, shofere wa kamio katika nyumba yetu ya usafirishaji hapa Sake tangu mwaka 1941, anastaafu leo, tarehe 30 Aprili 1958, baada ya miaka kumi na saba ya utumishi. Wakubwa wameniomba mimi, Théogène wa kazi ya tairi, niandike maneno machache ya kumsifu, yasomwe kabla ya chakula. Nimekubali. Kumsifu nitamsifu, ila sikuahidi kwamba nitadanganya. Aliyetaka maneno ya asali matupu angemwomba katekista.

Papa Hakorimana alitoka Burungu akiwa kijana mwenye mabega mapana na maneno mengi. Alianza kwa kupakia maharagwe. Maneno yale hayakumruhusu kubaki chini na magunia, akapandishwa mbele, akafundishwa usukani. Wakati ule ulikuwa wakati wa vita vya Wazungu. Tairi mpya hazikuonekana, na ya zamani ilishonwa na kubandikwa kama suruali ya shule. Bwana wa garaji akatoa amri: kila tairi ijazwe upepo mpaka iwe ngumu, kwa sababu tairi laini ikipita juu ya mawe ya volkano hukatika ubavuni. Shofere aliyekamatwa akipunguza upepo njiani aliadhibiwa. Ilikuwa amri ya maana kwa wakati wake.

Vita vikaisha, tairi mpya zikaja, bwana yule akarudi kwao. Amri ikabaki peke yake, haina mwenyewe, na mashofere wetu wakaiokota wakaifanya heshima. Wakubwa kwa wadogo mnakumbuka ile desturi ya fimbo. Kamio ikirudi kutoka Walikale na mapipa ya mawese, shofere haendi kupumzika. Anashuka sokoni, anachukua fimbo, anapiga tairi ya nyuma mbele ya watu wote. Ikijibu kwa sauti kali, wamama wa mihogo wanaitikia kwa kichwa: huyu ni mwanaume. Ikijibu kwa sauti iliyokufa, wanacheka mpaka anaingia garaji. Watu wazima wenye ndevu, wenye wake na watoto, walipimwa kwa fimbo ya kuchungia ng'ombe, na walijivuna kwa hiyo.

Hakuna aliyejivuna kumshinda mwenzetu. Tairi za Papa Hakorimana ndizo zilizolia vizuri kuliko zote, na watu wakampa jina la Ngoma. Alikuwa anashuka polepole, ananyoosha kofia, anapiga mara mbili ingawa mara moja ilitosha, kisha anageuka aone nani ameona. Mimi aliniita fundi wa hewa. Shofere mpya akija kwake kuomba shauri, alipewa lile lile kila siku: kifua mbele, tairi ngumu, na tairi laini ni ya mtu laini. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini sijui wahenga wangesema nini juu ya tairi iliyojaa.

Tuje kwenye matope. Pale barabara inapoacha milima ya Masisi na kuanza kuteremkia msitu wa Walikale, kuna bonde ambalo jua halifiki chini. Mvua ikinyesha wiki moja, bonde hukaa na maji yake mwezi mzima. Juu ya mteremko, kabla ya kuingia, alikaa Mama Pétronille na kibanda chake cha ndizi za kuchoma na mihogo ya kuchemsha. Biashara yake ilikuwa nzuri sana, maana mashofere wetu na tairi zao ngumu walizama pale wote, wakalala pale, wakala pale. Tairi ngumu hukata tope kama kisu kinavyokata ugali, na kadiri unavyokanyaga mafuta ndivyo inavyojichimbia kaburi. Wote walizama, isipokuwa Ngoma. Yeye alipita. Tukimwuliza siri yake, alituonyesha mikono yake miwili na kutuambia kwamba wengine wamezaliwa nayo.

Mwaka 1953 akaja Damien. Huyu alikuwa mtu wa Walikale, mtoto wa wawindaji, mpole, mtu wa kanisa kwelikweli, na wa kwanza wa kijiji chake kupewa ufunguo wa kamio. Pamoja na ufunguo alipewa nyumba ya kazi hapa Sake, akamleta mke wake Colette na watoto. Lakini bwana mpya naye alikuwa na amri yake: shofere mpya akizama mara tatu, anarudisha ufunguo, na ufunguo ukirudi, nyumba nayo inarudi. Damien alizama safari yake ya kwanza kabisa.

Basi Mama Pétronille akamhurumia. Alimpa muhogo, akamweleza alichokiona kwa macho yake miaka mingi. Ngoma anapita, alisema, kwa sababu ni mtu wa sala. Kila safari, kabla ya bonde, anasimamisha kamio nyuma ya kibanda, mahali pasipoonekana na wengine, anapiga magoti mbele ya gurudumu la nyuma upande mmoja, anainama muda mrefu, kisha anakwenda upande wa pili anapiga magoti tena. Akimaliza anaingia kwenye matope na Mungu anampitisha.

Safari ya pili Damien alifanya hivyo hivyo. Alipiga magoti mbele ya kila gurudumu la nyuma, akasali Baba Yetu bila haraka, akafanya ishara ya msalaba, akaingia bondeni na tairi ngumu. Akazama mpaka kwenye ekseli. Mama Pétronille alimwambia labda imani yake bado ndogo.

Habari hiyo ilipofika garaji nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikaacha kucheka. Mtu wa tairi anajua mtu mzima anatafuta nini akipiga magoti mbele ya gurudumu, na hatafuti mbingu. Hapo penye magoti pana valvu. Kumbe shujaa wetu, mwenye mikono ya kuzaliwa nayo, kila safari alijificha nyuma ya kibanda cha ndizi akifungua upepo wa tairi zake, akavuka na tairi laini, na ng'ambo ya pili, msituni, akazijaza tena kwa pampu ya mkono. Wakati wa kurudi ilikuwa hivyo hivyo, alifungua msituni, akavuka, akajaza, akaja Sake kupiga ngoma yake! Na sisi tulipiga makofi.

Nilimwambia Damien siku ile ile. Hakuniamini, na simlaumu: fundi wa viraka ambaye hajawahi kushika usukani amfundishe kuvuka bonde? Nikampeleka mbele ya Papa Hakorimana, nikarudia maneno yangu yote. Papa akacheka, akamgonga Damien begani, akasema wivu ni ugonjwa mbaya na fundi wa hewa ameupata. Kisha akajiondokea na kofia yake. Alijua Damien amebakiwa na safari moja. Alijua habari ya Colette na watoto. Siku ile nilimdharau kuliko nilivyowahi kumdharau mtu yeyote, na ninaandika hivyo kwenye programu ya sherehe yake akiwa amekaa meza ya mbele.

Mwezi wa Novemba kamio mbili zilitumwa Walikale na chumvi na majembe. Damien alitangulia, Papa Hakorimana akafuata, na mimi nikiwa kando yake na viraka vyangu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na mchana. Tulipofika kwa Mama Pétronille, tulikuta watu wengi wamepanda kutoka vijiji vya msituni kungojea chumvi: wanaume na mikuki, wamama na vikapu, na mzee mmoja aliyekuwa amefunga hirizi mkononi na rozari shingoni ili asikose upande wowote. Damien akashuka. Mbele ya watu wote akapiga magoti kwenye gurudumu la nyuma, akaanza kusali, na wengi wakavua kofia wakasali naye.

Niligeuza shingo nikamtazama Papa Hakorimana, basi. Akanyoosha kofia. Akaivua. Akaivaa tena. Kwenye gurudumu la upande wa pili Damien alikuwa amemaliza, akafanya ishara ya msalaba, akapanda, akawasha moto wa injini. Papa akinyamaza dakika moja zaidi, Damien anaingia, anazama, ufunguo unakwenda, na jina la Ngoma linabaki zima. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ile ilikuwa imekwenda miaka kumi na zaidi na bado ilikuwa na nafasi ya kuendelea.

Papa akafungua mlango, akateremka kwenye tope na viatu vyake vya kung'aa, akaenda akasimama mbele ya kamio ya Damien na mikono juu.

“Zima moto, Damien. Ile Mama aliona haikukuwa maombi. Nilikuwa nafungula upepo ya mipira. Kila safari, nilikuwa nafungula upepo.”

Akapiga magoti palepale, watu wote wakiangalia, akatoa kofia ya valvu, akabonyeza kwa ncha ya msumari. Upepo ukatoka kwa sauti ndefu. Ndipo Mama Pétronille akapaza sauti.

“Papa! Na mimi nilikuwa nainamisha kichwa kila mara!”

Kicheko kilichotoka hapo, nadhani Masisi walikisikia. Mzee wa hirizi na rozari alicheka mpaka akashikilia mti. Papa Hakorimana hakuinuka. Aliendelea kubonyeza valvu, shingo imelowa jasho, na huku akimfundisha Damien kwa sauti ya kusikika na kila mtu, kwa sababu sasa hakikubaki cha kuficha. Usitoe wote, alisema. Acha tairi itoe tumbo kidogo pale inapogusa chini, kama mtu aliyeshiba, isilale kabisa. Hapo inakanyaga tope kwa upana, haichimbi. Ingia taratibu na gia ndogo, usifunge breki katikati, usikate usukani kwa nguvu, maana tairi laini huponyoka kwenye ringi. Ukishavuka, simama ujaze kabla ya kukutana na mawe, usione uvivu, mawe hayana huruma na tairi laini. Yote hayo aliyajua miaka yote, mtu yule, na alikuwa akitufundisha kifua mbele.

Damien aliingia bondeni. Kamio ilinung'unika, ikayumba kidogo, ikatembea mpaka ng'ambo bila kusimama. Alishuka kule akilia, na sikuona aibu kwake. Papa naye akafungua za kwake, mahali peupe safari hii, tukavuka. Kisha ikaja pampu. Upepo unaotoka kwa kuchezea msumari hurudi kwa mgongo wa mtu, na mgongo ule ulikuwa wa kwake. Alijaza tairi za Damien kwanza, halafu zake. Damien alitaka kumpokea, nikamkataza. Asubuhi ile nilikuwa bado ninamdharau. Nilipomwona amevua shati anapampu upepo wa mtu mwingine, nilimpenda, na mpaka leo sijamsamehe kwa kunilazimisha kumpenda.

Habari zilitangulia kufika Sake, kama kawaida yake. Tuliporudi, wamama wa soko walikuwa wamemwandalia fimbo tayari. Hakuigusa. Alipita kichwa chini mpaka garaji, na jina la Ngoma likazikwa siku hiyo. Tangu hapo anaitwa Papa Sala. Bwana alipoelezwa akasema alijua siku zote. Wakubwa hujua kila kitu kikishatokea. Lakini alimwacha Damien na ufunguo wake, na alimpa Papa kazi ya kupeleka kila shofere mpya bondeni amwonyeshe kwa mkono. Miaka minne na nusu amewaonyesha. Leo kuzama bondeni ni habari ya kusimuliwa, na Mama Pétronille, masikini, amehamia Shasha kuuza samaki. Papa sasa anasimulia kwamba alitufundisha hivi tangu mwanzo. Mwacheni aseme, mdomo ni wake.

Kwa niaba ya garaji nzima ninamshukuru Papa Léonard Hakorimana kwa miaka yake, kwa mizigo yote iliyofika, na zaidi kwa ile dakika moja ambayo ilikaribia kumshinda. Ninamshukuru Mama Emérence, mke wake, aliyekubali kufua lile shati. Zawadi yetu iko chini ya meza, imefungwa kwa kitambaa. Ni pampu ya mkono. Uzee wako uwe mtamu, Papa, milima ya Burungu ikupe maziwa na usingizi.

Kesho Damien ndiye atakayekupeleka nyumbani. Ameomba mwenyewe, na ameomba mpite katikati ya soko, mchana. Njia ya Kitshanga, ya kwenda kwenu Burungu, imenyeshewa, mtakuta matope. Atasimamisha kamio mbele ya watu, atashuka, atapiga magoti kwenye gurudumu la nyuma, nawe utakuwa umekaa mbele unasikia upepo ukitoka. Wakati huo, Papa Sala, inamisha kichwa.