Kahongya Amenyoa

Benchi letu ni ubao wa chukudu iliyovunjika, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, umelazwa juu ya makreti mawili ya bia, pembeni ya njia inayotoka Butembo kwenda Beni. Hapo nauza kahawa ya tangawizi, mtoto wangu Shekinah akiwa mgongoni. Kabla ukungu haujainuka, wazee wawili wanakuwa wamekwisha kufika: Sadrack, karani wa zamani tunayemwita Ministre kwa sababu hakosi jibu, na Précieux, Docteur, aliyeuza dawa mwaka mmoja tu. Wa tatu ni Kahongya, fundi wa nguo, Sindano. Juma lile alikuwa hajaja siku nne. Watu walimwona amenyoa kichwa chote, na kwetu mtu hanyoi hivyo ila amefiwa na mtu wa nyumbani mwake.

— Nilihesabu familia yake yote, Ministre alisema. Dada yake iko muzima. Bajomba bako bazima. Hakuna mufu.

— Donc ni chawa, akasema Docteur.

— Ku miaka makumi sita na mbili?

— Chawa haiombake kadi ya kura.

— Hapana. Mutoto wa nyoka ni nyoka. Baba yake alikuwa na kipara, naye anaitafuta kwa nguvu.

— Ao anataka kuoa. Haraka haraka haina baraka: ananyoa sasa, nywele ipate wakati ya kuota mbele ya harusi.

— Akioa, mbuzi yangu itafurahi.

Ministre alikuwa amefuga mbuzi wa mahari ya Sindano. Mbuzi huyo sasa alikuwa na wajukuu.

Nikasema polepole:

— Si samedi tulilia Ésaïe, ule shofere wa lori, mwenye moyo ilisimama?

— Ésaïe alikuwa mupangaji yake tu, Mama Shekinah, Ministre akanijibu. Mutu hanyoake juu ya mupangaji.

Hapo Kahongya akatokea, kofia mkononi, kichwa kinang'aa kwa umande. Hakukaa.

— Bonjour, bandugu. Ile chawa niliisikia toka kule ku kona.

Docteur akatazama ndani ya kikombe chake.

— Ésaïe hakukuwa mupangaji, Kahongya alisema. Alikuwa mutu yangu, vile bibi iko wa bwana yake. Miaka makumi mbili na sita. Nimezeeka, nimechoka kuficha, na sasa hata mwenye nilikuwa nafichia hayuko.

Chukudu ikapita na mzigo wa kabichi. Hakuna aliyemsalimu mwenye nayo.

— Na bale bajane tulikuletea? Ministre akauliza. Ule wa Lubero, mwenye alikuya na kuku?

— Kuku tulikula na Ésaïe. Alisema tumuombee ule mama bwana muzuri. Tulimuombea.

— Alipata, akasema Docteur. Anakaa Mavivi.

— Unaona.

Kahongya akatabasamu, akaikunja kofia.

— Jana nilimuambia dada yangu. Kisha akaniuliza kitu moja tu: nani alikuwa anapika? Nikasema Ésaïe. Akasema: njo maana ulinenepa.

Nilicheka mimi wa kwanza, nikaona haya. Docteur naye akacheka. Ministre hakucheka.

— Na kanisa, Sindano? Batu batasema nini?

— Sijue, Ministre. Njo maana nimesimama. Kama hamutaki nikae hapa tena, museme sasa, nirudie nyumbani. Kahawa iko hata kule. Lakini kule vikombe iko mbili.

Nyuma yake alisimama Aurélie, mwalimu aliyetumwa huku kutoka Kananga. Alikuja kununua kahawa yangu kwa mara ya kwanza, akasikia yote.

— Pardon, bapapa, mi niko mugeni. Ku kilio, huyu papa alikaa wapi?

— Ku kiti ya plastike, pamoja na bashofere, Kahongya akajibu mwenyewe. Familia ya Ésaïe kutoka Kayna ilikaa chini, ku mukeka, kama bafiwa bote. Kaka yake alinishukuru kwa kumupa Ésaïe chumba. Ile chumba iko na kitanda moja.

— Na nani alimupa pole?

Aurélie alimuuliza Ministre. Ministre akamtazama Docteur, Docteur akanitazama mimi. Nikakumbuka: Jumamosi ile ya kilio nilibeba sahani ya maharagi kwa mikono miwili, nikaipelekea familia ya Kayna, nikipita mbele ya kile kiti cha plastike.



Nikatikisa termo ya kahawa. Kilibaki kikombe kimoja. Nikakimimina, nikampa Kahongya kwa mikono miwili.

Ministre akainuka. Nilifikiri anaondoka. Akavua koti lake, akalitandika juu ya udongo wa baridi, akakaa chini, magoti yakilia.

— Shuka, Docteur, alisema. Ku kilio batu habakalake ku benchi.