Mama Ngazi na Mapaa Aliyoyapanda

Mama Ngazi anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya kuitumikia ofisi yetu miaka ishirini na tisa. Kwa miaka ishirini na miwili nilikuwa mkuu wake, na muda wote huo kuna jambo lake nililolificha. Daktari wangu siku hizi ananihesabia miezi, si miaka, kwa hiyo leo nitalisema.

Kazi yetu mnaijua. Waliosaini mkataba wakigombania jambo la kiufundi, badala ya kukimbilia mahakamani humwita mtaalamu huru, naye akishaamua, neno lake ndilo la mwisho. Mtaalamu nilikuwa mimi; Mama Ngazi aliajiriwa kama msaidizi: utepe wa kupimia, daftari na viatu vya raba.

Jina hilo alilipata kwenye ukumbi wa shule uliokuwa ukivuja. Mkandarasi aliapa kwamba mabati yalikanyagwa na waliofunga tangi la maji. Mwalimu mkuu akasema kazi ililipuliwa. Mitihani ilikuwa imebaki wiki mbili. Mkandarasi alipomwona anakunja suruali, alicheka: "Mama, hili ni paa, si kabati la jikoni!"

"Ndiyo maana nataka wanaume wawili wanishikie ngazi," akamjibu. "Wewe mguu huu, mwalimu ule."

Mahasimu wale wakasimama uso kwa uso, kila mmoja na mguu wake wa ngazi, mpaka wakaanza kuulizana habari za watoto. Mama akashuka na jibu. Misumari ilipigwa kwenye mabonde ya bati badala ya migongo, na hilo ni la mkandarasi. Ila mabati sita chini ya tangi yalipindwa kwa miguu, na hayo ni ya shule. Wote wakakubali. Watoto walifanya mtihani pakavu.

Tangu hapo, hakupanda ngazi isiyoshikwa na pande zote mbili.

Mara mbili ameomba kuingizwa kwenye orodha ya wataalamu huru, akakataliwa kwa kuwa hakuna uamuzi wowote wenye jina lake. Kamati ya orodha hiyo inakaa tena mwezi ujao, na ukurasa huu nimeshawapelekea. Binti yake naye amekwisha kumnunulia ngazi mpya.

Asante, dada yangu. Uwe na afya, usingizi mzuri, na kazi za kuchagua mwenyewe.

Jambo lenyewe ni hili. Kila ripoti niliyosaini inasema nilipanda, nikajionea. Nikifika kidato cha tatu cha ngazi, hofu ya kimo hunirudisha chini. Sikupanda paa hata moja. Aliyekagua na kuamua ni yeye.