Marcelline Sikujua na Matanga ya Mama Aliye Hai

Wapendwa mliokuja kutusindikizia Marcelline, baba mchungaji, wazee wa Uvira na wa Rumonge mnaoishi hapa Durban, majirani wa Umbilo, na ninyi wenzake wa kazi mliovua kofia zenu pana mlipofika mlangoni, familia inawaomba mtulie msikilize maisha ya binti yetu, ambaye kwa miaka mingi alikula mkate wake kwa kusimulia maisha ya wengine, na ambaye kabla ya kufa alituagiza kwamba ya kwake yasitiwe chumvi, likiwamo lile jambo moja ambalo wengi wenu mlilishiriki bila kulijua.

Marcelline Sikujua alizaliwa tarehe 14 Machi 1980 mjini Uvira, mashariki mwa Kongo, mtaa wa Kalundu, mtoto wa nne kati ya saba wa mwalimu Salvator na mama Yvette, mshonaji wa nguo. Baba alikuwa na redio ya kanda na kanda chache za muziki wa kantri alizoachiwa na mmisionari mmoja, akizipiga kila Jumapili baada ya ibada, na Marcelline, ambaye hakujua hata neno moja la Kiingereza, alilia palepale wimbo ulipotaka watu walie, sisi ndugu zake tukamcheka na kumwita mjane wa Amerika.

Alisoma shule ya msingi Kalundu kuanzia mwaka 1986 hadi 1992, akaendelea na sekondari Bukavu, masomo yakakatizwa na vita vya mwaka 1996, akayarudia, na mwaka 1999 akapata diploma yake ya serikali kwa alama nzuri, hasa za lugha. Mwaka 2002 mapigano yalipoingia Uvira alivuka ziwa kwenda Kigoma, akashuka polepole kwa mabasi kupitia Msumbiji, na mwezi Februari 2004 akafika Durban, akapata kiti katika saluni moja ya barabara ya Umbilo, akasuka nywele mchana na kujifunza Kiingereza jioni. Tarehe 9 Desemba 2006 alifunga ndoa na Pierre-Claver Ndikumana, fundi wa simu, mzaliwa wa Rumonge, Burundi, na Mungu akawajalia watoto wawili, Peguy aliyezaliwa mwaka 2008 na Anaïs aliyezaliwa mwaka 2012, ambao leo wameketi hapa mbele yenu.

Kazi iliyomtambulisha aliianza mwaka 2011, alipoitwa na kampuni ndogo ya maonyesho ya kantri kwenda kuwatengeneza waimbaji nywele katika shamba moja karibu na Howick, na siku hiyo afisa habari wao hakufika, waandishi wakawa wanangoja mlangoni, Marcelline akaweka kitana chini, akawaeleza kisa cha mwimbaji kwa maneno mafupi yaliyotulia vizuri, na kabla jukwaa halijabomolewa alikuwa ameajiriwa. Kwa wasioijua kazi hiyo, afisa habari wa wasanii ndiye anayeandika mwimbaji ni nani na ametoka wapi, anayemkalisha mbele ya waandishi na kumwondoa kabla hajasema lisilofaa, anayesimama gizani kando ya jukwaa na taulo, chupa ya maji ya tangawizi na shati la pili lililopigwa pasi, na wimbo wa mwisho ukiisha yeye ndiye wa kwanza kujua kama mtu wake analia kwa furaha au kwa gauti. Marcelline aliyafanya hayo katika mashamba na kumbi kuanzia Westville hadi Ixopo, viatu vyake vikijaa majani makavu yaliyotandazwa ili watu wajione wako ranchi, na alipenda kusema nyumbani kwamba kantri ni muziki wa watu waliopoteza kitu, kwa hiyo sisi wakimbizi hatuhitaji kufundishwa.

Hapo ndipo anapoingia Anaclet, ambaye yumo humu ndani, kijana wa Uvira aliyekuwa akilinda magari Umbilo na kuimba kantri kwa Kiswahili akiwa amesimama kati ya magari hayo, Marcelline akamsikia siku moja akitoka kwa mume wake dukani, akampeleka kwa waajiri wake, na tarehe 24 Septemba 2016, Siku ya Urithi, sikukuu ya taifa hapa Afrika Kusini, Anaclet akapangwa kuimba Howick wimbo wake kuhusu mama anayemngoja mwanawe na taa dirishani. Nyuma ya jukwaa mtangazaji wa redio alimuuliza kama mama huyo yupo kweli, na Anaclet, ambaye Kiingereza chake wakati huo kilikuwa cha kuelekeza magari, akamweleza Marcelline kwamba mama yupo, ila amepanda milimani Lemera kulima, mtandao hauko huko, na tangu Juni hajasikia sauti yake. Marcelline akamgeukia mtangazaji akasema kwa Kiingereza kwamba mama wa kijana huyu ameshafariki. Hakukosea kutafsiri, na alitaka tuliseme hilo waziwazi, kwa kuwa alijua kila neno la pande zote mbili, bali aliona uso wa mtangazaji ukianza kupoa, akakumbuka kanda za baba, akaona kwamba wimbo wa mama aliyekufa utafika mahali ambapo wimbo wa mama aliyekwenda shamba hautafika. Anaclet alielewa, akamtazama, na wakati huohuo jina lake likaitwa.

Umati ulilia, na Jumapili redio ikarusha maneno yale. Ninyi mliosikia mlifanya kama tulivyolelewa, kwamba msiba haungoji mwaliko, mkafika kwa Anaclet mmebeba mikeka, masufuria, chai na sukari, kwaya ikapanga viti ngazini, na Anaclet akampigia Marcelline akiwa amejifungia chooni.

"Dada, watu wamejaa kwangu, wanamulilia mama. Niwaambie nini?"

Marcelline aliketi kitandani na simu sikioni, akafikiria jina lake kwa waajiri, akafikiria tikiti za onyesho lililofuata, akamjibu, "Kaa nao chini. Iko siku tutawaeleza."

Anaclet akakaa chini, wazee wakamnyoa kichwa kama mfiwa, kwaya ikaimba, na mmoja wenu kwa nia njema akaipiga video na kuituma Uvira, ambako Mama Anaclet, akiwa ameshuka Lemera na magunia ya mihogo, alionyeshwa kwenye simu ya jirani mwanawe wa pekee akiwa kipara kwenye mkeka, na picha yake mwenyewe ikiwa imezungushiwa maua. Anaclet alipopiga, mama hakupokea, akapiga tena wiki nzima, na jirani akaleta jibu: "Mutu wameisha kumuzika, ataitika simu namna gani?"

Kuanzia siku hiyo mama yule hakuzungumza na mwanawe. Wimbo ulikwenda mbali, mwimbaji akatambulishwa kila jukwaa kama yatima, akainamisha kichwa kila alipotambulishwa, na mwaka 2018 akaweka gitaa chini, akarudi kulinda magari, safari hii Westville, ambako hakuna aliyemjua. Hakumlaumu Marcelline hata mara moja, akaendelea kumwita dada na kumtumia salamu za Krismasi, na Marcelline alituambia kwamba tusi lingekuwa jepesi kubeba kuliko salamu zile. Alikuwa hawezi tena kuusikia wimbo wa taa ya dirishani, na mwimbaji mwingine alipouomba na kuanza kuuimba, yeye alitoka akaketi katika gari la vyombo la mzee Machano, fundi sauti, Mzanzibari wa Chatsworth, wa kizazi cha watumwa walioachwa huru wakaletwa Durban zamani, ambaye Kiswahili chake cha sasa amekiokota kwetu nyuma ya majukwaa, na ambaye baada ya kumwona hivyo misimu kadhaa alihisi kuna jambo, akamuuliza bila kugeuza macho kutoka kwenye nyaya alizokuwa akizikunja.

"Eish, mama, kazi yako ni kutangaza. Hili moja unalificha kwa nini?"

Alilificha kwa sababu aliogopa, hatuna maneno mengine ya kuliremba. Aliwaogopa waajiri, akawaogopa wanakwaya ambao kila Jumapili walimpa mkono wa amani, akamwogopa hata Pierre-Claver, ambaye alichangia kubeba viti vya msiba ule mgongoni kwake, na kila mwaka alijiambia kwamba mama yule atalegea na jambo litajifia lenyewe.

Mwezi Agosti 2023 Marcelline aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akaanza kusafishwa damu katika hospitali ya serikali, na kutoka kwenye kiti cha kusafishia damu, mirija mkononi, ndipo alipomwita Pierre-Claver akamweleza yote, na mumewe akaenda dirishani, akarudi akamfunika miguu. Mwezi Machi 2024 alirudi kwa mtangazaji yuleyule, akaketi kwenye kiti cha mgeni, akasema kwa Kiingereza, na kisha kwa Kiswahili, kwamba mama wa Anaclet ni mzima, kwamba aliyemuua ni yeye kwa mdomo wake, na kwamba kijana hakuwa na kosa isipokuwa kumtii dada yake. Kampuni ilimwachisha kazi. Baada ya hapo alipita nyumba kwa nyumba kwa waliolia, akipanda ngazi za maghorofa na kupumzika kila ghorofa, baadhi wakamkaribisha, wengine wakamsikilizia mlangoni, na mama Odette wa kwaya, ambaye ametupa ruhusa ya kulisema, alimweka sebuleni akamwambia, "Marcelline, nililia mpaka sauti ikaisha. Nilimulilia mama muzima, anapalilia mihogo yake." Kisha akacheka, kisha akakasirika upya, kisha akamletea chai.

Uvira pekee ndiko hakukufunguka. Marcelline alimtumia Mama Anaclet ujumbe wa sauti, akieleza na kuomba radhi, na alama zilionyesha kwamba umesikilizwa, jibu halikuja, akatuma mwingine, ukasikilizwa, na hata alipokuwa hawezi tena kusimama aliomba simu iwekwe mahali anapoweza kuiona. Tarehe 6 Juni 2025, asubuhi, mbele ya mume wake, watoto wake na Anaclet, aliyekuwa ameacha magari ya watu ili aje kumshika mkono, Marcelline Sikujua aliaga dunia akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano, na jibu lilikuwa halijafika.

Lilifika siku iliyofuata. Simu ya Anaclet iliita akiwa nyumbani kwa marehemu, kati ya mikeka na masufuria kama yale ya kwake, akaona namba ya Uvira, na sisi tuliokuwa karibu tukamsikia mama yule, bila salamu, akiuliza, "Huyo Marcelline, amekufa kweli, ao ni ya redio tena?" Anaclet akamwambia kwamba ni kweli, kwamba amemwona kwa macho yake na amemfumba macho kwa mkono wake. Anaclet akatazama simu kuona kama imekatika, kisha mama akauliza tena, kwa sauti nyingine kabisa, "Wewe umekula?"

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea Marcelline bila kumuuliza ametoka nchi gani, majirani wa Umbilo waliopika na kufua, wenzake wa majukwaani waliomchangia damu na usafiri, mzee Machano aliyeweka vipaza sauti hivi mnavyosikilizia, baba mchungaji, na kwaya, ambayo imelia mara mbili kwa ajili ya marehemu huyu, mara ya kwanza kwa kudanganywa naye, mara ya pili kwa kumpenda.

Mnaona simu kwenye meza ndogo kando ya jeneza. Mama Anaclet yuko hewani tangu tulipoanza kusoma, amesikia kila neno, na aliomba tufikishe moja la kwake, kwamba yeye watu walimlilia akiwa hai na akaona jinsi inavyouma, kwa hiyo leo anamlilia Marcelline kwa wakati wake, na mkeka ule wa zamani, wa matanga yake mwenyewe, anautaka ukunjwe. Anaclet atauimba wimbo wa taa, mama mwenyewe akiwa anasikiliza, na kwa mara ya kwanza hakuna atakayetangulia kueleza unamhusu nani.

Marcelline, ujumbe wako umejibiwa. Pumzika sasa, kwa amani.