Laini Si Nyepesi: Shangazi wa Karakana Anastaafu

Baada ya miaka thelathini na moja katika klabu yetu ya kulenga shabaha, fundi mkuu wa karakana ya bastola anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Wanachama wote, hata wanaomzidi umri, humwita Shangazi.

Alianza kwa kusafisha bastola za mafunzo, akawa fundi, kisha mkuu wa mafundi. Watu wa nje hudhani mshindi hutengenezwa na jicho. Shangazi huwaambia wanachama wapya kwamba jicho hulenga vizuri, kisha kidole huharibu. Kifyatuo, kile chuma kinachovutwa na kidole, kikikwama njiani hata kidogo, mlengaji hukazana kukivuta, mkono hutikisika, na risasi huenda kumpatia jirani alama. Kwa hiyo yeye husugua vyuma vya ndani taratibu kwa jiwe laini, na hakabidhi bastola mpaka mwenyewe avute kifyatuo chake ikiwa tupu, macho amefumba. Akikunja uso, inarudi mezani.

Karakana yake ina sheria. Mwenyekiti wetu aliwahi kuingia na kikombe cha chai. Aliombwa kwa heshima zote akainywee nje, naye akatii. Mume wa Shangazi, kwa upande wake, analalamika kwamba bawaba zote za nyumbani zimelainishwa mno, na wakwe humkuta sebuleni na fulana ya ndani kabla hajasikia mlango.

Lakini siku itakayosimuliwa zaidi ni ya fainali ya msimu uliopita. Bingwa wetu, tunayemwita Dada Kimya, alikuwa akiwania nafasi ya mwisho katika timu ya taifa. Kifyatuo chake kilikuwa kikikwaruza, naye, kwa haraka ya mashindano, akamwachia rafiki akitie springi nyepesi. Kwenye ukaguzi waamuzi walining'iniza kwenye kifyatuo uzito uliowekwa na kanuni. Kifyatuo kilipaswa kuubeba bila kufyatuka, lakini kwa wepesi wa springi kikafyatuka. Dada Kimya akaambiwa arekebishe kabla ya zamu yake, la sivyo aage mashindano.

Alimfuata Shangazi akilia kwamba springi ya zamani itamrudishia mkwaruzo uleule. Shangazi hakumgombeza.

"Mwanangu," alimwambia, "wewe ulitaka ulaini, ukaenda kununua wepesi. Ni maduka mawili tofauti."

Akarudisha springi nzito, akatafuta mahali chuma kilipokuwa kikikwaruza, akaanza kusugua. Viongozi tulizunguka meza kama kuku anayetafuta pa kutagia, mpaka akatuomba tusimzibie mwanga. Uzito uliponing'inizwa tena, kifyatuo kiliubeba bila kutikisika.

Mashindano yakabana hadi risasi ya mwisho. Dada Kimya alihitaji katikati kabisa, na alipata katikati kabisa. Ukumbi mzima ulisimama. Mwenyekiti, mtu wa tai na koti, alionekana akimkumbatia mwamuzi. Nafasi ya timu ya taifa ikawa yetu.

Shangazi alipomuuliza kifyatuo kilikuwaje, bingwa alijibu, "Hata sikujua risasi imetoka saa ngapi." Wanaoujua mchezo huu wanaelewa kwamba kifyatuo laini hufyatuka kabla mlengaji hajakihisi, na kwamba fundi wa bastola hawezi kupewa sifa kubwa kuliko hiyo.

Shangazi, medali za klabu yetu zimeandikwa majina ya walengaji, lakini kila mmoja wao anajua zilianzia mezani kwako. Asante kwa uvumilivu wako, na hata kwa kutufukuza. Uongozi, mafundi na wanachama wote tunakuombea afya njema, mapumziko uliyoyastahili, na miaka mingi inayokwenda bila kukwama popote.