Jumamosi kwa Mama Gahongayire

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mtu aliyeshika vichwa vya watu kwa miaka ishirini na miwili. Jina lake Veronica Gahongayire. Alikuwa mpimaji wa mawimbi ya ubongo katika hospitali moja hapa Kigali. Alifariki Jumatatu iliyopita, baada ya kuugua wiki tatu. Alikuwa na miaka hamsini na minane. Mimi ni Aneth, Mtanzania wenu, na nilimfahamu.

Tuanze na kazi yenyewe, maana wengi hatuijui. Ubongo una umeme, kidogo sana. Mgonjwa analala kitandani, anapakwa jeli kichwani, anabandikwa nyaya ishirini na moja, na mashine inachora mistari kwenye karatasi. Anayetoa jibu ni daktari. Lakini bila mpimaji, daktari hana cha kusoma. Gahongayire ndiye aliyebandika nyaya hizo, miaka ishirini na miwili.

Wazazi wake walikuwa Wanyarwanda, ila yeye alikulia Karagwe, Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Nilipokwenda kumhoji mara ya kwanza, alinitazama kichwani kabla hajanitazama usoni. "Dada Aneth, hizo rasta fumua kwanza, nikupime, ndipo tuongee." Nilikuwa nimesuka jana yake, wasikilizaji, saa saba kwenye kiti! Nikakataa katakata. Akacheka. "Ndiyo maana nawapenda wanafunzi. Wao wananijia wamenyolewa tayari."

Na habari yetu leo ni ya hao wanafunzi. Kila Jumamosi asubuhi, isipokuwa ile ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa kila mwisho wa mwezi, aliwapokea vijana wa sekondari waliotaka kujua kazi za ubongo na akili. Wengi walikuja wakijua kazi moja tu, udaktari. Yeye aliwaambia kuna mwanasaikolojia, anayetibu kwa maongezi. Kuna muuguzi wa afya ya akili. Kuna mtafiti, ambaye huenda asimguse mgonjwa maisha yake yote. Kuna anayemfundisha mtu kusema tena baada ya kiharusi. "Na tupo sisi watu wa nyaya," alimalizia, "ambao hatutajwi kwenye mahafali."

Lakini kabla ya yote hayo alikuwa na sharti: kwanza ulale wewe. Huwezi kuomba kichwa cha mtu, alisema, kama hujawahi kutoa chako. Basi walilala kwa zamu. Karatasi zao alizibandika ukutani, kila moja na jina la mwenyewe, wajifunze kuzisoma. Aliupenda ukuta ule kama watu wanavyopenda picha za harusi.

Na hapo ndipo alipokosea. Mumewe, Mzee Melchior, ameniruhusu kulisimulia kosa hilo. "Liseme," aliniambia. "Yeye mwenyewe alilisema mbele za watu."

Miaka mitano iliyopita alikuja binti wa miaka kumi na sita kutoka Gisozi, anaitwa Uwase, naye ameniruhusu nimtaje. Uwase ana kifafa tangu utotoni. Alikuwa akimeza vidonge kila siku, na shuleni hakuna aliyejua. Alitamani sana kusomea akili za watu. Akalala kama wenzake, akidhani vidonge vinaficha kila kitu. Baadaye vijana wakapita ukutani wakilinganisha mistari, mpaka kwenye karatasi yake. Mmoja akauliza, "Mama, mbona hii iko na miiba?" Gahongayire alikuwa na ile furaha ya mwalimu aliyepata mfano mzuri. Akajibu kabla hajasoma jina: "Tazameni vizuri. Kifafa huonekana hivyo."

Kisha akasoma jina. Vijana nao walikuwa wamelisoma.

Wasikilizaji wapendwa, kifafa hakiambukizi. Narudia, kifafa hakiambukizi: si kwa mate, si kwa sahani, si kwa kumshika mtu aliyeanguka. Lakini Jumatatu ile, wakati wa chakula shuleni, wasichana walihamisha sahani zao, wakamwacha Uwase na meza yake. Mama yake, Christella, anakumbuka: "Mtoto alifika nyumbani, akavua viatu, akaniambia, 'Mama, mambo ya ubongo iishe. Mimi nasoma uhasibu.' Na fomu ya kuchagua mchepuo ilikuwa inakuja mwaka huohuo. Nilitaka kwenda kumpiga yule mama, sikufichi."

Hakuwahi kwenda, kwa sababu Gahongayire alikuja mwenyewe. Alifika Gisozi kwa miguu, akaomba ruhusa ya kwenda kusema darasani. Uwase akamjibu, "Sema tu. Si wanajua?" Basi akaenda shuleni, akasimama mbele ya wanafunzi arobaini. "Nimekosa," alisema. "Karatasi ile ilikuwa siri ya Uwase, nami niliitundika kama kalenda. Mtu wa kazi yangu hafanyi vile. Uwase, nakuomba msamaha."

Uwase alisimama, kwa adabu. "Bado, Mama. Mimi bado."

Mwalimu akataka kumkaripia. Gahongayire akamzuia. "Mwache. Msamaha ni wake. Nitangoja."

Mimi, wasikilizaji, nisingeweza. Ningeondoka nimenuna, nikiuliza watoto wa siku hizi wamelelewa na nani. Yeye alirudi kazini, akabandua karatasi zote. Tangu siku hiyo kila mwanafunzi aliondoka na karatasi yake ndani ya bahasha, na somo la kwanza likawa kutunza siri ya mgonjwa.

Miezi saba ikapita. Zikabaki wiki mbili fomu zirudishwe. Jumamosi moja Uwase akagonga mlango, peke yake. Ya nyuma hakuyataja. Aliuliza swali moja tu: "Mtu ya kifafa inaweza kusoma hii mambo?"

Gahongayire hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Upasuaji sikushauri, mwana wanjye. Ukianguka katikati ya kazi, mgonjwa ataumia. Mengine yote yako wazi kwako." Wakakaa saa mbili na fomu ile mezani, wakipitia kazi moja baada ya nyingine. Uwase akachagua sayansi.

Akawa anakuja karibu kila Jumamosi, kuwasaidia wanafunzi wadogo. Leo yuko mwaka wa pili chuo kikuu. Anasoma saikolojia, na anatarajia kufanya kazi na vijana wenye kifafa.

Alhamisi jioni tulikuwa Kanombe, nyumbani kwa marehemu, kwenye ikiriyo, kile kikao cha wafiwa na majirani. Uwase akaomba kusema. Alisimama, akamgeukia mume wa marehemu.

"Mzee, nilimwambia bado. Kisha tukaanza kufanya kazi pamoja, na mimi nikasahau kwamba iko anangoja. Kwa moyo iliisha zamani. Kwa mdomo sikuitoa. Alijua?"

Mzee Melchior angeweza kumpa jibu la kumtuliza tu, na hakuna ambaye angemlaumu. Akamwambia kweli.

"Kila Jumamosi akirudi nilimuuliza, 'Amekwambia?' Ananijibu, 'Bado. Lakini leo amefika mapema kuliko mimi.'"

Uwase alilia, na sisi tukalia naye. Alipotulia alilitamka palepale, kwa sauti, mbele ya picha ya marehemu na majirani wote: "Nimekusamehe, Mama." Alilisema mara mbili. Mzee Melchior akaenda kumshika mkono, akamketisha karibu yake.

Kwa Mzee Melchior, kwa watoto na wajukuu, kwa wafanyakazi wenzake hospitalini, na kwa vijana wote waliopita kwenye kitanda kile: poleni sana. Mungu ampumzishe Veronica Gahongayire kwa amani, na awape ninyi nguvu.

Nawe unayenisikiliza. Inawezekana kuna mtu uliyewahi kumwambia bado, na moyoni mwako yamekwisha siku nyingi. Unadhani anajua. Zima redio, mimi sitakasirika. Mpigie sasa hivi.