Mikono ya Kimono ya Irene

Waombolezaji wapendwa mliofika hapa Peckham, familia imemwomba Telesphor, mdogo wake marehemu, anayesimama sasa mbele yenu, awasomee maisha ya dada yake, naye anawaomba mumvumilie pale sauti itakapomkatika.

Marehemu Eufrasia Massawe alizaliwa tarehe 14 Machi 1963 huko Kibosho, Moshi, mtoto wa pili kati ya sita, akamaliza darasa la saba mwaka 1977, kisha akajifunza ushonaji kwa masista hadi 1980, na tangu hapo ilikuwa nadra kumkuta ameketi bila sindano. Tarehe 7 Januari 1989 alifunga ndoa na Evodius Massawe, mwaka 1991 wakahamia London, akafanya usafi hotelini Hounslow, na tarehe 3 Mei 1992 wakajaliwa mtoto wao wa pekee, Irene.

Mwaka 1998 aliajiriwa na Bibi Hayashi, fundi wa Kijapani mwenye duka la kimono Acton, akadumu naye miaka ishirini na mitano, akajifunza kwamba vazi lile hutoa habari za aliyelivaa, kwamba mikono mirefu inayokaribia kugusa chini ni ya msichana, na akiolewa hufupishwa, na kwamba upande wa kushoto sharti ulale juu ya wa kulia, maana kulia juu ya kushoto huvikwa maiti. Wateja waliotarajia Mjapani walimkuta Mchaga mwenye pini mdomoni, wakaduwaa, yeye akacheka.

Irene alipotimiza miaka ishirini, mwaka 2012, mama yake alimpa kimono aliyoishona kwa miezi minane, hariri ya bluu, mikono mirefu, binti akakimbilia chumbani kujivika mwenyewe, akatokea mbele ya rafiki zake akiwa amelaza kulia juu ya kushoto, na Eufrasia, badala ya kumfunga upya taratibu, aliingiwa na hofu, akamvuta, akapiga kelele kwamba amejifunga kama maiti. Rafiki zake walicheka. Irene akajibu kwa Kiingereza, kama wafanyavyo watoto wetu waliozaliwa huku, kwamba hataigusa tena, na hakuigusa, hata alipoolewa tarehe 19 Agosti 2017. Walipigiana simu kila Jumapili, wakajuliana hali, lakini kimono haikutajwa, na dada alimwambia Telesphor, si mara moja, kwamba hofu ya dakika moja ilimnyang'anya miaka, ila kumwomba mtoto radhi kulimshinda.

Aliugua saratani ya kongosho tangu Oktoba 2023, akafariki Jumapili, tarehe 9 Februari 2025. Siku tatu baadaye Irene alifungua kabati, akaikuta kimono ile, mikono imefupishwa iwe ya mke wa mtu, mishono ya mwisho imepinda kwa kutetemeka, kwani dada aliibadilisha akiwa mgonjwa, bila kumwambia yeyote. Inauma sana, kwa sababu simu ilikuwepo kila Jumapili, na hakuna kati yao aliyeitumia kulisema hili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea chakula, na Bibi Hayashi, ambaye asubuhi ya leo, kwa mikono yake ya miaka themanini na minne, amemfunga Irene kimono hiyo, kushoto juu ya kulia, kama mnavyomwona hapa mbele.

Pumzika kwa amani, dada, vipimo vyako havikukosea, mikono imemkaa sawasawa.